Katibu Aliyewaua Wanachama Elfu Sita

Agneta Naswa alikuwa hajavua hata kofia ya boda boda alipoambiwa kwamba wanachama wote wa muungano wamekufa.

Aliyempa habari hiyo ni Wesonga, bawabu wa chumba cha baridi, mtu mpole wa Funyula asiyependa kusema jambo moja mara mbili. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chuma, mikono nyuma, na mbele yake wanawake wapatao hamsini wenye makarai ya samaki wa mbuta, mengine vichwani, mengine miguuni, maji ya barafu yakichuruzika hadi barabarani. Ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na jua la Kisumu lilikuwa limeshaingia kazini.

"Madam, kadi zinakataa," alisema Wesonga. "Mtu akiweka kadi, mashine inaandika 'mwanachama marehemu'. Nimejaribu kadi thelathini. Wote marehemu."

"Wote?"

Wesonga hakurudia. Alinyoosha kidevu tu kumwelekeza kwa Mama Benta Ang'awa, mchuuzi wa mbuta kutoka Manyatta, mwanamke wa miaka sitini na moja, mnene wa mabega na mfupi wa subira. Mama Benta alikuwa anausemesha mlango kama mtu anayemsemesha mkwe mlevi.

"Asetho? Mimi nimekufa? Nyasaye wangu! Na hii karai nimebebewa na nani, malaika?"

Muungano wenyewe uliitwa MUWASU, yaani Muungano wa Wachuuzi wa Samaki Ufuoni. Ulikuwa na wanachama elfu sita mia nne na kumi na wanane, chumba kimoja cha baridi, na katibu mkuu mmoja. Chumba kilifunguliwa kwa kadi, Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi jioni. Kadi ilisoma rekodi za wanachama katika kompyuta ya ofisi iliyokuwa juu kidogo ya ufuo, na rekodi zilitunzwa na Agneta. Barua yake ya ajira ilimwita Afisa wa Mifumo. Kwa vitendo, ndiye aliyeitwa printa ikikwama, simu ya katibu ikijaa picha, au stima ikipotea, kana kwamba yeye ndiye aliyeificha.

"Fungua kwa ufunguo wa mkono," alimwambia Wesonga.

"Mheshimiwa aliuchukua siku ya kuzindua kadi. Alisema ufunguo ni wa kizamani."

Agneta alipanda mteremko mbio. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Bungoma, na katika miaka minne ya kazi hiyo alikuwa ameona rekodi zikipotea, zikijirudia na zikiandikwa kichwa chini miguu juu. Aliwahi kukuta mwanachama aliyezaliwa mwaka wa elfu mbili mia moja na nne. Lakini mauti ya halaiki hakuwahi kuyaona.

Aliwasha kompyuta, akaziuliza rekodi swali rahisi: wanachama walio hai ni wangapi? Jibu lilikuja upesi. Sifuri. Akauliza marehemu ni wangapi. Elfu sita mia nne na kumi na wanane.

Mfumo ulikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu, kilichoandika kila amri, aliyeitoa na saa aliyoitoa. Agneta alirudi nyuma hadi Ijumaa. Saa kumi na dakika arobaini na saba jioni, yeye akiwa ameshaondoka kwenda kwake Mamboleo, mtu alikuwa ameingia kwa jina la OBIERO, katibu mkuu, na kuandika mstari mmoja mfupi: badilisha hali ya mwanachama iwe 'marehemu'. Mstari uliishia hapo.

Agneta aliusoma mstari huo mara ya pili. Amri ya namna hiyo ina nusu mbili. Ya kwanza inasema fanya nini. Ya pili inasema mfanyie nani. Ukiacha nusu ya pili, kompyuta haikuulizi, haiguni wala haikuni kichwa. Inawafanyia wote. Ni sawa na kumtuma mtu nyumbani kwako achinje, usimwambie kuku yupi.

Akafungua mtoto wa meza kutafuta diski ya nakala ya akiba. Diski ilikuwepo. Aliichomeka, akakuta ndani folda moja tu kubwa, iliyoitwa HARUSI YA DAISY SEHEMU YA 1 HADI 9. Daisy alikuwa binti wa katibu mkuu.

Bwana Obiero aliingia ofisini saa tatu unusu, suti ya kijivu, viatu vyenye ncha, na harufu ya marashi iliyomtangulia kama mlinzi. Alikuwa katibu mkuu kwa kipindi cha pili, na uchaguzi wa kipindi cha tatu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alipenda kuitwa Mheshimiwa, na waliomwita Bwana Katibu aliwajibu polepole. Ukutani mwake palikuwa na vyeti vinne vya warsha, vyote vya siku tatu tatu, na katikati yake, ndani ya fremu ya kioo, ufunguo wa mkono wa chumba cha baridi. Chini yake palichapwa maneno: TULIKOTOKA.

"Mheshimiwa," Agneta alisema, "Ijumaa jioni uliingia kwenye rekodi?"

"Niliingia. Familia ya Mzee Obonyo wa Sondu walikuja kuripoti msiba ili kadi ihamie kwa binti. Wewe hukuwepo. Nikawaonyesha teknolojia inavyofanya kazi. Dakika moja tu, na walifurahi sana."

"Ulimwandika nani kuwa marehemu?"

"Mzee Obonyo."

"Hapana, Mheshimiwa. Hukumtaja. Umewaandika wote."

Bwana Obiero aliketi. Alitoa kitambaa, akapangusa kioo cha simu ambacho hakikuwa na uchafu.

"Mimi niliandika 'marehemu'," alisema hatimaye, "huku nikimfikiria Mzee Obonyo. Kama kompyuta imeelewa vingine, hilo ni tatizo la kompyuta. Rudisha nakala ya akiba."

"Nakala ya akiba ni harusi ya Daisy."

Kutoka ufuoni sauti za wanawake zilipanda, na ndani yake mtu angeweza kuitambua ya Mama Benta bila shida.

"Basi wafufue wote kwa amri moja, kama walivyokufa kwa amri moja," alisema Obiero. "Wote wawe hai. Kwisha."

Hilo Agneta alikuwa ameshalifikiria. "Kulikuwa na wanachama waliofariki kweli, Mheshimiwa, na walikuwa wameandikwa hivyo tangu zamani. Tukifufua wote, na wao watafufuka. Watapata kadi. Watapata kura."

Alisema neno hilo la mwisho bila nia yoyote. Lakini aliona jicho la katibu likiruka kidogo, halafu likatulia, kama samaki aliyegusa ndoana na kuiacha. Hakuelewa kwa nini, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuelewa.

"Sawa," alisema Obiero, akiinuka na kufunga kifungo cha koti. "Usiseme kosa. Kosa ni neno la watu wasio na mpango. Hili ni Zoezi la Uhakiki wa Uhai. Kila mwanachama atajaza fomu kuthibitisha kwamba yuko hai. Fomu ninayo, tulipewa kwenye warsha ya Naivasha. Iweke kwenye kompyuta ya mapokezi kabla ya saa sita. Na andika tangazo: muungano wetu ni wa kwanza katika ukanda huu kufanya zoezi kama hili."

Hapo alisema kweli.

Fomu ilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Agneta alipoisoma alirudi kwa katibu mara mbili kumweleza kwamba haitafanya kazi, na mara mbili aliambiwa kwamba wenye mashaka ndio huchelewesha maendeleo. Kabla ya saa sita fomu ilikuwa tayari. Mtu wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa Mama Benta, ambaye hakuwa wa kwanza kwenye foleni, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kumkumbusha.

"Tuanze, nyathina, mwanangu," alisema. "Nithibitishe uhai upesi. Mbuta hainingoji."

Agneta aliandika: Benta Ang'awa. Fomu ikawaka nyekundu. Jina lina alama isiyokubalika.

"Alama gani?"

"Hii ya juu, Mama. Kati ya ng na a."

"Hiyo ndiyo jina lenyewe! Ukiitoa nabaki Angawa. Angawa ni nani? Mimi sijaolewa na Angawa."

Agneta aliijua kasoro hiyo kama mtu anavyolijua shimo la njia ya kwao. Alikuwa ameiziba mwaka uliopita katika fomu zake zote, maana huwezi kutunza rekodi kando ya ziwa hili na kukataa ng', labda uandikishe wageni peke yao. Lakini hii ilikuwa fomu ya Naivasha. Aliingia nyuma yake, akarekebisha kanuni ya jina, akarudi. Jina likapita. Namba ya kitambulisho ikapita. Tarehe ya kuzaliwa ikapita. Wakafika kipengele cha kumi na tisa: Taja wanachama wawili walio hai watakaokudhamini.

"Mercyline Adoyo," alisema Mama Benta. "Yuko hapo nje anauza omena, namsikia anacheka."

Fomu ikawaka nyekundu. Mdhamini ni marehemu.

"Sawa. Weka Bridget."

Mdhamini ni marehemu.

Mama Benta alijaribu majina kumi na moja, na kila jina aliligeukia dirishani kuhakikisha mwenyewe bado anapumua. Kisha akanyamaza. Kwa wanaomfahamu, hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Ngoja nielewe. Ili niwe hai, nahitaji watu wawili walio hai."

"Ndiyo, Mama."

"Na wao ili wawe hai?"

"Wanahitaji wawili walio hai."

"Na sasa hivi walio hai ni wangapi?"

"Sifuri, Mama."

"Na mtu aliyetengeneza hii kitu, alikuwa amekula?"

Mlango wa ofisi ya ndani ulikuwa wazi, na Bwana Obiero alisikia. Alitoka akitabasamu, viganja mbele. "Mama, vuta subira. Mfumo utajirekebisha wenyewe. Data ni kama mtoto, inahitaji muda."

"Mheshimiwa," alisema Mama Benta, "mtoto nimelea saba. Mbuta nimeuza miaka thelathini na nane. Kati ya hao wawili, najua nani anaoza kwa masaa manne."

Alimpita katibu, akaingia ofisini mwake. Obiero alidhani anakwenda kuketi, akaanza kumvutia kiti. Mama Benta aliishusha ile fremu ukutani, akaigonga mara moja kwenye pembe ya meza, akakung'uta vioo, akatoa ufunguo. Hakukimbia. Alishuka mteremko kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji, na dakika tano baadaye mlango wa chuma ulifunguka na marehemu hamsini waliingiza samaki wao.

Wesonga, alipoulizwa na katibu kwa nini hakuzuia, alijibu kwamba maagizo yake yanahusu wanachama walio hai.

Samaki walikuwa wamepona, lakini wanachama bado. Agneta alikaa na tatizo lake siku nzima. Ni mlango uliompa wazo. Kile kisanduku kidogo cha kusoma kadi kilikuwa na kumbukumbu yake chenyewe, tofauti na ya ofisini: kiliandika kila kadi iliyofungua mlango, tarehe na saa. Na mtu aliyefungua mlango na kuingiza kreti ya samaki mwezi uliopita, Agneta aliwaza, hata kama si mzima sana, ni hai. Alishuka na kompyuta ndogo, akanakili kumbukumbu hizo, akarudi ofisini na kuandika amri yake. Aliiandika kwanza kwenye karatasi. Kisha akaijaribu kwenye nakala, maana siku hiyo ya Jumatatu alikuwa amefuta harusi ya Daisy sehemu ya pili hadi ya tisa bila kumwuliza mtu, na diski ilikuwa na nafasi tele. Amri ilisema: mrudishe kuwa hai kila mwanachama ambaye namba ya kadi yake imefungua mlango tangu Januari. Nusu ya pili aliisoma mara tano kabla ya kubonyeza.

Watu elfu tano mia moja na sita walifufuka. Agneta alipiga makofi peke yake, akaona aibu, akaacha.

Wakabaki elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Hapo kompyuta ilikuwa imefika mwisho wa akili yake. Wauza omena, kwa mfano, hawahitaji chumba cha baridi. Omena, dagaa hao wadogo wa ziwani, hukaushwa juani. Mercyline, aliyekuwa akicheka chini ya dirisha, hakuwahi kuufungua mlango huo hata mara moja, na kwa hesabu za rekodi alikuwa sawa na Mzee Obonyo wa Sondu. Waliokufa kweli na waliokausha samaki walilala katika orodha moja, na hakuna swali ambalo Agneta angeweza kuziuliza rekodi lingewatenganisha.

Basi Jumanne asubuhi aliichapa orodha yote, kurasa thelathini na tatu, akaibandika kwenye ukuta wa chumba cha baridi na kuacha kalamu tatu zimefungwa kwa uzi. Juu aliandika: Tafadhali tiki aliye hai. Weka msalaba kwa aliyefariki, na mwaka kama unaujua.

Katibu alipoona alipandisha pumzi. "Umeweka majina ya watu hadharani?"

"Nimeyaweka mbele ya wanaowajua, Mheshimiwa."

"Ondoa."

"Nitaondoa," alisema Agneta, na wala hakuwa anadanganya. Hakusema lini.

Kwa siku mbili ukuta ule ulikuwa na watu kuliko soko la Jubilee. Wanawake walisoma kwa sauti, waliojua kusoma wakiwasomea wasiojua, na kila jina lilipata kesi yake fupi. Huyu ameolewa Siaya, yuko hai, ana mapacha. Huyu alihamia Nakuru. Huyu, yawa, tulimzika mwaka wa mafuriko, jeneza lilivushwa kwa mtumbwi.

"Obonyo huyu mwingine," alisoma Mercyline, "wa namba elfu mbili mia tisa."

"Amekufa kabla ya korona," alisema Mama Benta. "Ugali wa matanga yake nilisonga na mikono hii. Weka msalaba."

Kufikia Jumatano jioni tiki zilikuwa mia saba tisini na nane. Misalaba mia tano na kumi na tatu. Agneta alijumlisha, akakuta amepungukiwa na mmoja. Alipopitia karatasi alimwona: jina lilikuwa la kwanza kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, mwanachama namba moja, na mbele yake hapakuwa na tiki wala msalaba. Mtu alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Lilikuwa la Bwana Obiero. Kadi yake haikuwahi kugusa mlango wa chumba cha baridi tangu kadi zilipoanza, na wanawake, walipofika kwenye jina lake, walikuwa wameulizana kwa haki kabisa kama kuna aliyewahi kumwona akiuza samaki. Aliyemwona hakupatikana.

Lakini hilo Agneta hakulicheka wakati huo, kwa sababu jicho lake lilikuwa limenaswa na misalaba. Ilikuwa mingi mno. Alikumbuka waliokuwa wameandikwa marehemu kabla ya Ijumaa: hawakufika sitini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaandika. Ikiwa wafu ni mia tano na kumi na tatu, basi zaidi ya mia nne na hamsini walikuwa wamekaa katika rekodi miaka yote hiyo kama watu wazima wenye afya. Hapo ndipo alipolikumbuka jicho la katibu lilivyoruka kwa neno "kura".

Uchaguzi wa MUWASU ulifanywa kwa fomu ya simu. Mwanachama aliandika namba yake na mwaka wa kuzaliwa, basi, akapiga kura. Fomu haikuweka siri ya nani alimchagua nani mahali ambapo Agneta angeweza kuona, lakini iliweka orodha ya waliopiga. Aliichukua orodha ya uchaguzi uliopita, akaiweka kando ya misalaba, akaandika swali fupi kuliko yote ya wiki hiyo: kati ya hawa waliofariki kabla ya siku ya uchaguzi, wangapi walipiga kura?

Mia nne thelathini na tisa.

Kati ya walio hai, hata nusu hawakuwa wamejitokeza. Kati ya wafu wa zamani ambao hawakuwahi kuandikwa, walikosekana wanane tu. Wafu wote waliojitokeza walikuwa wamepiga kura katika muda wa saa moja na nusu, wakifuatana kwa namba, kama wanafunzi wanaoingia darasani. Bwana Obiero alikuwa ameshinda kwa tofauti ya kura mia nne na kumi.

Agneta hakulala vizuri. Hakuwa shujaa, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa na kodi ya nyumba, mama wa kupeleka kliniki, na katibu ambaye ndiye aliyetia sahihi mkataba wake kila mwaka. Aliwaza kunyamaza, na kwa saa nzima wazo hilo lilionekana la busara. Kilichomshinda si ujasiri. Ni hasira ya fundi. Miaka minne alikuwa ameumiza macho kwenye rekodi hizo, akisahihisha herufi moja moja, akipigania ng' ya watu wasiomjua, na kumbe muda wote alikuwa akimpangia mtu makaburi yake vizuri ili ayapate kwa haraka siku ya kura.

Alhamisi asubuhi alimpelekea karatasi mbili Bi. Debra Akello, mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, mwalimu mkuu mstaafu aliyezisoma kwa kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea ya zamani. Bi. Debra hakupiga kelele. Aliita kikao siku hiyo hiyo, mle ndani ya chumba cha baridi, kwa sababu ndipo mahali pekee penye nafasi, na watu mia mbili waliketi juu ya kreti wakitetemeka.

Bwana Obiero alizungumza kwanza. Alizungumza juu ya mageuzi, juu ya ukanda wa ziwa, juu ya maadui wa maendeleo. Alipofika kwenye kura za marehemu alisema kwamba hizo ni hitilafu za kiufundi na kwamba afisa wa mifumo atatoa maelezo.

"Maelezo ni haya," alisema Agneta. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Hitilafu haihesabu moja, mbili, tatu. Mtu ndiye huhesabu."

Akaketi. Baridi ilisaidia, hakuna aliyetaka hotuba ndefu.

Bi. Debra akauliza kama katibu atagombea tena. Obiero alisema ni haki yake kama mwanachama yeyote aliye hai. Ndipo Bi. Debra akageuza ukurasa, akasukuma miwani juu, akasema kwa upole kwamba hapo kuna jambo dogo. Kwa mujibu wa rekodi, mwanachama namba moja bado hajathibitishwa. Kuna fomu aliyoianzisha yeye mwenyewe, nayo inataka wadhamini wawili walio hai.

Safari hii walio hai walikuwa tele. Bwana Obiero aliangaza huku na huku, juu ya vichwa, kati ya kreti, na mvuke ukimtoka mdomoni. Macho yake yakatua kwa mtu aliyekuwa karibu zaidi.

"Mama Benta," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutanguliza viganja. "Wewe unanijua."

"Mheshimiwa," alijibu Mama Benta, akijifunika leso vizuri, "mimi mwenyewe nimefufuka juzi tu. Bado nina kizunguzungu. Siwezi kudhamini mtu."

Walicheka mpaka Wesonga akachungulia. Obiero akatoka, viatu vyake vikiteleza kwenye barafu, akishikilia ukuta. Agneta hakucheka. Alimwona mtu mzima anayeogopa kuanguka mbele ya watu, akamhurumia kidogo, halafu akakumbuka zile kura mia nne thelathini na tisa na huruma ikapoa.

Obiero hakufungwa, ikiwa msomaji alikuwa anatarajia hilo. Aliandika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya, jambo ambalo kwa mtu asiye na uthibitisho wa uhai lilikuwa na mantiki yake, na muungano ukamwandalia sherehe ya kumuaga yenye keki. Wiki tatu baadaye Mercyline Adoyo, muuza omena, alichaguliwa kuwa katibu mkuu. Waliopiga kura walikuwa wachache kuliko mara ya mwisho, na gazeti moja la mtaani likaandika kwamba ari ya wanachama imeshuka.

Agneta naye alipata barua mbili, zote za tarehe moja na sahihi moja. Ya kwanza ilimpongeza kwa kurejesha rekodi. Ya pili ilimwonya kwa kubandika majina ya wanachama ukutani bila idhini. Alizisoma zote mbili, akatia sahihi kwamba amezipokea, akazitia kwenye faili yake kwa mpangilio wa herufi, onyo kabla ya pongezi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo na ya kuchosha. Wale mia tano na kumi na tatu walihitaji kuandikwa marehemu ipasavyo, na sehemu hiyo ya rekodi ilidai tarehe. Wanawake walikuja zamu kwa zamu kumsaidia kukumbuka. Hawakukumbuka kwa tarehe. Walikumbuka kwa mvua, kwa magugumaji yaliyofunga ufuo, kwa mtoto wa nani aliyekuwa tumboni. Agneta aliandika alichoweza, mtu mmoja baada ya mwingine, kila amri na jina lake. Mara nyingine ilibidi asimame, kwa sababu aliyekuwa anasimulia alikuwa amegeuka kutazama dirishani.

Alasiri ya Ijumaa walikuwa wamefika mia mbili na sita. Mama Benta aliketi mkabala naye, karai miguuni, akimenya njugu.

"Huyo alikuwa na sauti nzuri ya kanisani," alisema. "Kuna mahali pa kuandika hiyo?"

"Hapana, Mama."

"Basi weka tarehe."

Agneta aliiweka, akauliza anayefuata.